Dani na Gunia la Herufi

Kila nipitapo karibu na karakana ya seremala, pua yangu hunitangulia. Sihitaji kuona meza wala kusikia msumeno. Harufu ya mbao ya saiprasi iliyokatwa sasa hivi, yenye ukali kidogo kama ya ndimu, hunifikia nikiwa bado barabarani, na papo hapo natamani kufumba macho na kunyoosha mikono mbele. Watoto wangu hunicheka. Wakiniuliza nafanya nini, nawaambia nasoma. Hawaniamini, nami siwalaumu, maana hadithi yenyewe inahitaji mtu aketi.

Wewe umeketi, kwa hivyo sikiliza.

Tulikaa Kibera, upande wa Soweto, miaka ya tisini, katika chumba kimoja cha udongo na mabati. Baba alikuwa kibarua wa mjengo. Mama alikaanga mgongo wazi kando ya njia, yaani ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na nguo zetu zote, hata za kanisani, zilinukia mafuta ya samaki. Nilikuwa na miaka mitano hivi. Asubuhi nilipelekwa nasari, chumba cha mabati cha kanisa moja karibu na reli. Garimoshi lilipopita, mabati yalitetemeka na masomo yakasimama, nasi tukaruhusiwa kupiga kelele kadiri tulivyotaka, kwa kuwa hakuna ambaye angetusikia.

Mwalimu wetu alikuwa Ticha Nekesa, mama mfupi mwenye kicheko cha chinichini, mtu wa Magharibi mwa Kenya. Alikuwa haishi Kibera. Alitoka Kawangware kwa miguu kila siku, na mgongoni alibeba gunia. Mumewe, Fundi Wafula, alikuwa seremala huko Kawangware, na vipande vya mbao vilivyobaki kwenye vitanda na makabati alivikata herufi, moja moja, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Usoni mwa kila herufi alibandika msasa, ile karatasi yenye mchanga ya kulainishia mbao, ili kidole kikipita kikwaruzwe na kikumbuke. Ndivyo Ticha alivyotueleza. Kidole kitembee kwanza, alikuwa akisema, mdomo utafuata.

Na kweli vidole vyetu vilitembea. Tuliandika kwenye majivu yaliyotandazwa juu ya sinia. Tulichorana herufi mgongoni kwa vidole na kubahatisha, tukicheka kwa kutekenyeka. Lakini mchezo mkuu ulikuwa wa gunia. Ulifungwa macho kwa leso, ukaingiza mkono ndani, ukatoa herufi moja, ukaipapasa mpaka uijue. Jirani yangu Kevo alijua zote, na ilituchukua muda kugundua kwamba alikuwa akichungulia chini ya leso.

Mama hakuupenda mpango huo. Alisema alinipeleka nikasome, si nikachezee mbao, na kwamba watoto wa majirani walikuwa na vitabu vilivyojaa vema nyekundu, ilhali mimi nilirudi nyumbani na majivu puani.

Kisha Dani akaja. Dani, ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama mzazi wa Baba, nami nilipewa jina lake: yeye Akoth, mimi Akoth. Baba alimtoa nyumbani, kando ya ziwa, macho yake yakiwa yamebakiza mwanga kidogo tu, akitumaini kwamba hospitali kubwa ya Nairobi ingeyarudisha. Daktari aliyaangalia, kisha akamwambia Baba kwa Kiingereza kwamba walikuwa wamechelewa. Baba hakutafsiri. Dani hakuhitaji kutafsiriwa. Alituambia baadaye kwamba alisikia kiti cha daktari kikirudi nyuma, na hapo akajua.

Tangu siku hiyo aliketi kitandani akiuelekea ukuta. Mwanga ule kidogo ukazimika wiki ile ile, kama aliyeupulizia mwenyewe. Ugali wake ulirudi nusu, halafu ukarudi karibu wote. Mama akimbembeleza, alijibu kwamba watu wamezoea kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye ameshakaa miezi, na hata jembe amenyimwa. Alitaka arudishwe nyumbani. Baba aliahidi kumpeleka mwezi ukiisha. Nikamsikia Mama akimwambia jirani kwa sauti ya chini kwamba mzee huyu haendi nyumbani kuishi, anaenda kumalizia. Nilidhani ni shamba ambalo hakumaliza kulima.

Siku moja Mama akiwa kwenye karai lake la samaki, Dani alitoka peke yake, akaangukia kwenye mtaro mbele ya nyumba. Hakuumia sana, lakini aliokotwa na watu asiowajua, matope mpaka kifuani, na aibu ile ilimuuma kuliko goti. Kesho yake Mama alimwendea Ticha akamwomba mzee awe akiketi mlangoni pa darasa, mahali ambapo mjukuu wake angekuwa karibu. Ticha alikubali kabla Mama hajamaliza kueleza.

Basi Dani akawa mwanafunzi mwenzetu, ingawa mwenyewe hakujua. Aliwekewa kigoda mlangoni, akageuza uso nje, akatupa mgongo. Alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, sisi tukacheka, yeye akatukemea kwa Kijaluo, na wale walioelewa wakawatafsiria wengine, tukacheka tena. Ikaendelea hivyo siku kadhaa.

Zamu yangu ya gunia ilipofika asubuhi moja, nilitoa herufi ambayo vidole vyangu vilikataa kuijua. Vilipanda, vikashuka, vikakuta kijiti katikati, vikapotea. Ticha alingoja. Hakuwa mtu wa kumsaidia mtoto haraka. Darasa likanyamaza, na katika kimya kile ikasikika sauti kutoka mlangoni.

"Lete hapa."

Nilivua leso nikaona Dani amegeuka. Nilimpelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kifaranga. Ilikuwa mikono iliyotengeneza nyavu tangu ujana, iliyochambua mawe kwenye maharagwe gizani, na sasa zile ncha za vidole zilianza kuzunguka kingo za mbao polepole, zikirudi, zikihakikisha, huku uso wake ukiwa umeinuka kana kwamba anasikiliza jambo la mbali.

"Hii ni nyumba," akasema. "Hii juu ni paa. Hii katikati ni mti ya kushikilia."

Ticha alimkaribia, akachuchumaa mbele yake. "Ndiyo, kukhu," akamwambia, akitumia neno la kwao la kumwita nyanya. "Na hiyo nyumba inaitwa A."

"Aa," akasema Dani, kama mtu aliyeelezwa akaelewa.

Tukapiga makofi, maana kwetu sisi alikuwa amejibu sawasawa. Dani hakucheka. Alirudisha herufi, lakini mkono wake haukurudi mapajani. Ulibaki pale hewani, wazi. Ticha akauangalia mkono ule, akaingiza wake kwenye gunia, akamwekea herufi nyingine.

Sijui nikuelezeje siku zilizofuata. Kwetu sisi watoto ilikuwa kama kuishi na mtu mwenye miujiza. Dani alizipa herufi majina kabla ya kuambiwa majina halisi, na majina yake ndiyo tuliyoyashika. J ilikuwa ndoano. Y ilikuwa manati. O ilikuwa mdomo wa chungu, E kitana kilichong'oka meno, R mtu anayeanza safari. D ilimfanya atabasamu. Akasema huyu ni mama aliyekaribia kujifungua, na wasichana tukajipapasa matumbo. Mpaka leo nikiandika tarehe ya Desemba kwenye karatasi za kazini, herufi ile hunijia na ujauzito wake.

Kevo hakuamini kwamba Dani haoni. Aliandaa jaribio lake: akachukua M, akaigeuza miguu juu, akampa kimyakimya. Dani aliipapasa, akakunja uso, akaipapasa tena. Kisha akaigeuza, akampiga Kevo nayo kichwani, taratibu tu, akisema, "Hii umeniletea imelala." Kevo akarudi mahali pake amekodoa macho. Tangu siku hiyo akaacha kuchungulia chini ya leso. Nadhani aliamua kwamba kama kuna njia ya kuona isiyotumia macho, naye anaitaka.

Nyumbani Dani alianza kula. Asubuhi aliulizia chai mapema, akanihimiza nivae viatu, akidai tutachelewa. Mkono wake ulikaa begani mwangu njia nzima, na kidole chake kimoja hakikutulia, kilikuwa kikiandika. Nilijifunza kusoma kwa bega. Nilikuwa nikimwambia, "Hiyo ni ndoano, Dani," naye akinifinya kunionyesha nimepata.

Mwezi ukaisha. Baba akasema amepata ruhusa kazini na angempeleka nyumbani Ijumaa. Dani akamjibu kwamba herufi bado hazijaisha. Baba alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Mama, na Mama, yule aliyechukia mbao, akageuza samaki kwenye karai akasema, "Mwache amalize."

Tulipomaliza herufi zote, Ticha alianza kutupanga majina. Kila mtoto aliitwa mbele akapangiwa lake juu ya benchi. Langu lilipopangwa nilimvuta Dani aje, kwa kuwa ni lake pia. Alipiga magoti mbele ya benchi. Alipita A, akapita K, O, T, H, mpaka vidole vikatoka nje ya mbao ya mwisho vikagusa benchi tupu. Akarudi mwanzo. Akapita tena.

"Kumbe tuko wafupi hivi," akasema.

Ticha alicheka kile kicheko chake cha chinichini, kisha nikaona anafuta macho, nikashangaa, maana sikuona cha kuliza mtu. Nilikuwa nimejawa na fahari tu: jina letu, langu na lake, lilikuwa pale, na mtu angeweza kuligusa kama meza.

Halafu Dani akamvuta Ticha karibu, akamnong'oneza. Mimi nilikuwa kati yao, kwa hivyo nilisikia: alitaka jina lingine. Odero. Sikumjua Odero yeyote katika jamaa zetu.

Ticha alirudisha herufi zetu kwenye gunia, kisha akaingiza mkono akatoa O, akatoa D, E na R. Hapo akasimama. Gunia lilikuwa na herufi moja ya kila aina, na Odero anaanza kwa chungu na kuishia kwa chungu. Mimi, mwenye akili nyingi, nilivua bangili yangu ya plastiki nikaiweka mwishoni. Ilikuwa mviringo safi. Ticha aliiondoa kwa upole, akanirudishia mkononi, akamwambia Dani, "Jumamosi nitawapitia, kukhu. Twende Kawangware."

Nilinuna kidogo. Nilidhani amekataa kwa sababu bangili yangu ilikuwa ya waridi.

Jumamosi tukaenda. Tulipanda kwa miguu kutoka Soweto, tukapita vibanda vya viazi na mitumba, tukavuka barabara kubwa, tukateremka upande wa pili, Dani nyuma yangu na kidole chake begani. Safari nzima kilizunguka tu. Chungu, chungu, chungu. Nilichoka kumwambia amepata.

Karakana ya Fundi Wafula ilikuwa pande za kituo cha matatu cha 46, paa la mabati juu ya nguzo nne, na chini yake vitanda visivyo na magodoro vilivyopangwa wima. Hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na ile harufu. Vumbi la mbao lilifika vifundoni, laini na lenye joto la jua. Fundi alikuwa mrefu, mpole, na penseli yake sikioni. Ticha alimwambia maneno machache pembeni. Alivua kofia, akaja akamsalimu Dani kwa mikono miwili, kisha akamletea vipande vya mbao achague. Dani alivinusa, akavigonga kwa kucha, akavipima uzito, akakataa vitatu, akakubali kimoja kizito chenye rangi ya chai.

"Sitamkatia moja, mama," Fundi akasema. "Nitamkatia zote tano. Zake."

Nilisimama karibu na meza nikamtazama akikata. Nilikuwa sijawahi kujiuliza tundu la O linaingiaje ndani ya mbao pasipo mlango. Alitoboa kwa keke kitundu kidogo, akapitisha humo msumeno mwembamba kama uzi, akaufunga, akauzungusha taratibu akiufuata mstari wake wa penseli, mpaka kiini cha mbao kikaanguka miguuni pangu, na pale kilipokuwa pakabaki mwanga. Nilichungulia humo nikamwona Dani upande wa pili, ametulia, akisikiliza msumeno.

Herufi zote zilipokamilika, Fundi alifungua kopo la gundi na kukata vipande vya msasa ili abandike, kama alivyofanya kwa zetu za nasari. Dani alisikia karatasi ikichanwa. Akanyoosha mkono akamshika.

"Hizi hapana," akasema. "Usimwekee mikwaruzo."

Akauomba ule msasa mwenyewe. Akaketi chini kwenye vumbi la mbao, akatandaza leso mapajani, akaanza kusugua O ya kwanza. Ndani ya tundu, juu, kwenye kingo. Alisugua, akapuliza, akapitisha shavu lake juu yake, akasugua tena. Fundi alitaka kumsaidia. Ticha akamkonyeza amwache. Tulinywa chai. Nikalala kwenye vumbi lile, nikaamka, na Dani alikuwa amefika kwenye kitana, akipitisha kidole katikati ya kila jino. Fundi jirani alizima redio yake.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Dani hakuvua leso ya kichwani wala hakupumzika. Aliomba kitanda kiondolewe nguo, akazipanga herufi zake juu ya shuka, akizipima umbali kwa vidole viwili viwili. Mwishowe akarudi nyuma akaketi, akangoja.

Baba alifika na vumbi la simiti kwenye nyusi. Hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa na ile tabia ya kusoma kila kilichoandikwa mbele yake, mabango, makopo, magazeti yaliyofunga nyama.

"Odero," akasoma. Akainamisha kichwa. "Odero ni nani?"

"Soma tena," Dani akasema.

"Odero."

"Ni mkubwa wako. Alikutangulia. Alikuwa na miaka kama huyu," na mkono wake ukatafuta kichwa changu mpaka ukakipata. "Surua ilimchukua."

Akamweleza, kwa Kijaluo, kwa maneno machache. Mtoto alizikwa asubuhi, na wazee wakamwambia asilie wala asimtaje, ili walio tumboni wasiogope kuja. Hakukuwa na picha. Nguo zake zilivaliwa na wengine mpaka zikaisha. Baba aliketi kwenye kigoda na viatu vyake vya kazi, kitu ambacho Mama hakuwahi kuruhusu. Mama alipunguza tu utambi wa stovu.

"Soma tena," Dani akamwambia.

Baba akasoma. Akaambiwa tena, akasoma. Nilimhurumia. Ilikuwa wazi kwangu kwamba Dani anamtahini kama tulivyotahiniwa sisi, na kwamba hakuwa anamtendea haki, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza. "Dani, ameshapata," nikamwambia, nikimvuta nguo. "Baba ameshapata."

Alirudi nyumbani Desemba ile, mimi nikijiandaa kuingia darasa la kwanza, na herufi zake zikaondoka naye zimefungwa kwenye leso. Aliishi miaka kadhaa tena, mkali, mnusa tumbaku, akiwafundisha watoto wa boma kwamba D ina mimba. Watu husema Ticha Nekesa alinifundisha kusoma, na ni kweli. Lakini ilinibidi niwe mama mwenyewe, nisimame usiku juu ya mtoto wangu mwenye homa huku nikiliita jina lake, ndipo nikaelewa kwa nini bangili yangu ilirudishwa, na Dani alikuwa akitaka nini jioni ile. Tangu ujana wake hakuna aliyewahi kulitamka jina lile mbele yake. Alikuwa amelibeba peke yake, kimya, mpaka akapata njia ya kuliweka mahali ambapo mtu mwingine angeliona akalisema kwa mdomo wake.

Na Baba alilisema. Kila alipoombwa alisoma upya, kwa sauti, akigusa herufi moja moja kama mtoto wa nasari, mpaka samaki wa Mama wakapoa kwenye sahani.